Tunda Baada ya Sukari Kuondoka: Hotuba Kuhusu Kuonja Bia Chachu ya Matunda

Hotuba hii ilitolewa jioni mjini Brussels, mbele ya wasemaji wa Kiswahili waishio Ubelgiji, wakati wa kuonja bia tatu.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, na ninyi ndugu zetu mliosafiri kutoka Liège na Antwerp ili mkae nasi jioni hii, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mbele ya kila mmoja wenu zipo glasi tatu, na pembeni yake sahani ndogo yenye kijiko cha mtindi, kipande cha ndimu, kipande cha tufaha la kijani na ukwaju ulionunuliwa leo asubuhi katika mtaa wa Matonge. Kikombe kidogo kilichofunikwa kina siki, nami nawasihi msikinuse mpaka nitakapowaambia. Wasiotumia kileo, ambao najua mpo, mmewekewa juisi ya cheri chachu isiyotiwa sukari. Sehemu kubwa ya nitakayoyasema itawahusu ninyi sawasawa na jirani zenu, na huenda mkaonja vizuri zaidi yao kadiri jioni itakavyosonga mbele. Ombi langu la kwanza ni kwamba tusubiriane, maana naona kule nyuma kuna glasi ambayo tayari imepungua.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuonja bia chachu iliyotiwa matunda. Mada hiyo ni pana, kwa kuwa siku hizi bia za namna hii hutengenezwa katika nchi nyingi na kuuzwa katika makopo yenye picha za maembe, mapasheni na matunda mengine ya rangi zote. Nimeibana kwenye aina moja, yaani lambiki ya cheri, kwanza kwa sababu hutengenezwa hapa hapa tulipo, na pili kwa sababu ndiyo inayodhihirisha vizuri kuliko nyingine jambo ninalotaka kulitetea mbele yenu: kwamba katika bia chachu iliyotengenezwa kwa makini, tunda huonjwa baada ya sukari yake kuondoka. Hamira huila sukari ile karibu yote. Kinachobaki ni asidi ya tunda, harufu yake, rangi yake, ukakasi wa ganda lake na ladha ya kokwa lake, na mtu anayeinua glasi akitafuta utamu wa tunda lililoiva hutoka mikono mitupu, kisha huilaumu bia kwa kukosa kitu ambacho haikukusudiwa kuwa nacho.

Niruhusuni nieleze kwanza bia yenyewe kabla ya tunda, kwa maana glasi yenu ya kwanza, ile ya rangi ya dhahabu iliyofifia, haina tunda lolote.

Lambiki ni bia ya Brussels na ya bonde la mto Zenne, pamoja na vijiji vya Pajottenland vilivyo kusini-magharibi mwa jiji. Hupikwa kwa kimea cha shayiri kilichochanganywa na ngano isiyooteshwa, ambayo kwa desturi hufikia theluthi moja hivi ya nafaka yote. Hopsi zake, yaani yale maua yanayoipa bia uchungu, huwa zimehifadhiwa kwa miaka mpaka uchungu wake mwingi ukapotea, kwa kuwa mpishi wa lambiki hazihitaji kwa ajili ya ladha. Anazihitaji kwa uwezo wake wa kuzuia baadhi ya bakteria. Maji ya kimea huchemshwa kwa saa nyingi, kisha, badala ya kupozwa upesi kwa mitambo kama ifanyikavyo katika viwanda vikubwa, humiminwa katika chombo cha chuma au cha shaba kilicho kipana na kisicho na kina, na kuachwa wazi usiku kucha. Hakuna anayetia hamira. Vijidudu vya kuchachusha huingia pamoja na hewa ya usiku, na vingine vimekwisha kujenga makao katika mbao za jengo na za mapipa ambamo bia itahamishiwa asubuhi yake.

Kwa sababu hiyo upishi hufanyika katika miezi ya baridi tu, takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili. Usiku ukiwa na joto, maji ya kimea hupoa polepole mno, na bakteria wasiotakiwa hupata nafasi ya kutawala kabla ya wenzao. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa na Paul Cantillon mwaka 1900 katika wilaya ya Anderlecht, na ambacho tangu 1978 kimekuwa pia makumbusho ya bia hii, kililazimika kuahirisha upishi mnamo Novemba 2015 kwa sababu usiku ulikuwa na joto kupita kiasi. Wale kati yenu ambao bado hamjafika pale, ningewashauri mwende. Chombo chao cha shaba kiko juu kabisa, chini ya paa, na utando wa buibui mtauona kila mahali. Haufagiliwi, kwa kuwa buibui huwala nzi wa matunda, na nzi hao ndio wanaobeba bakteria wa siki kutoka pipa hadi pipa.

Ndani ya pipa mambo huenda kwa zamu. Mwezi wa kwanza ni wa bakteria ambao harufu yao isingekubalika mezani popote. Hamira ya kawaida huwafuata, hula sukari nyepesi na kutoa kileo kwa miezi kadhaa. Baadaye huja Pediococcus, bakteria wa asidi ya laktiki, na uchachu huanza kupanda. Kuna kipindi, hasa joto la kiangazi linapoingia, ambapo bia huwa nzito na yenye kuvutika kama mlenda, na mgeni akiiona siku hiyo ataapa kwamba imeharibika. Mpishi huiacha. Zamu ya mwisho ni ya hamira nyingine iitwayo Brettanomyces, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1904 na N. Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, aliyeikuta katika bia za kukomazwa za Waingereza, na ambayo jamii yake moja imepewa jina la jiji hili. Hamira hiyo hufanya kazi polepole sana. Huula ule ute, huondoa harufu ya siagi iliyoachwa na bakteria, hula hata zile sukari nzito ambazo hamira ya kawaida huzishindwa, na badala yake huacha harufu ya ngozi, ya majani makavu, na, tuseme kweli, ya zizi la farasi.

Sasa tunaweza kuinua glasi ya kwanza. Nuseni kabla ya kunywa, kisha chukueni kiasi kidogo, kizungusheni kinywani, na msimeze upesi.

Naona baadhi ya nyuso zimekunjamana. Ni sawa. Lambiki iliyokomaa huwa na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho nambari yake hushuka asidi inapopanda, ya karibu 3.3, wakati bia ya kawaida ya lager huwa kati ya 4.2 na 4.5, na kwa jinsi kipimo hicho kinavyohesabiwa, kushuka kwa nambari moja nzima maana yake ni asidi kuongezeka mara kumi. Kinywa kilichozoea lager hushtuka kwa onjo la kwanza, ndiyo maana hukumu ya onjo la kwanza sipendi kuisikia. Subirini la tatu.

Na hapa ningependa kusema jambo kuhusu sisi wenyewe. Katika ukumbi huu wapo waliokulia Kilimanjaro, wapo wa Kagera, wapo wa Bukavu na wa Bujumbura, na ni vigumu kwangu kuamini kwamba uchachu wa pombe ya matunda ni habari ngeni kwao. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa kwa muda mrefu na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa, zikachujwa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na uchungu wake hutokana na gamba la msesewa. Rubisi ya Kagera, urwarwa ya Burundi na kasiksi ya Kivu zinatokana na maji ya ndizi, mara nyingi pamoja na mtama. Katika pombe hizo zote bakteria wa laktiki hufanya kazi bega kwa bega na hamira, bila mtu kuwaalika. Tofauti kubwa iko katika wakati: mbege hunywewa mbichi, ingali inachemka, na ikilala siku chache zaidi huwa siki, lambiki huwekwa miaka. Kwa hiyo mtu wa Marangu anapoonja glasi hii na kusema "imekaa sana", ninamwelewa, kwa sababu amefundishwa mezani kwao kwamba uchachu unaoendelea kupanda ni dalili ya pombe kufa. Kinachoiokoa lambiki ni kwamba pipa limejazwa na kuzibwa, hewa ni kidogo sana, na bakteria wa siki hawawezi kufanya kazi bila hewa.

Ndiyo maana swali la kwanza la mwonjaji wa bia chachu lisiwe "ni chachu kiasi gani?" Swali liwe "uchachu huu unatokana na asidi ipi?" Mlio na sahani, chukueni kijiko cha mtindi. Huo ni uchachu wa asidi ya laktiki: laini, wa mviringo, unaojaza kinywa bila kuchoma, na ndio unaobeba lambiki yote. Kipande cha ndimu ni asidi ya sitriki, inayopiga haraka na kuondoka haraka, ikiacha mate mengi. Tufaha la kijani ni asidi ya maliki, ambayo hukawia zaidi kidogo na kuuma pembeni mwa taya. Ukwaju una asidi ya tartariki kwa wingi, ile ile inayotawala katika zabibu, na uchachu wake ni mkavu na mgumu. Sasa funueni kile kikombe. Asidi ya asetiki mnaijua puani kabla haijafika ulimini, kwa kuwa miongoni mwa hizi tano ni hiyo pekee inayoruka hewani kwa urahisi. Na mkiimeza huchoma kooni.

Mwonjaji akishazitenganisha asidi hizi, nusu ya kazi imekwisha. Katika glasi ya kwanza tafuteni mtindi, nanyi mtaupata. Tafuteni siki pia: ipo kidogo, kwa mbali, na kiasi hicho huipa bia makali yanayostahili. Ikizidi, ikawa ndiyo inayofika ya kwanza puani, hilo ni kosa la pipa, hata kama muuzaji atasema ni mtindo wa kiwanda. Ipo pia harufu ya ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo huandamana na siki pale hewa ilipoingia mno. Mimi nikiikuta huiweka glasi chini.

Tuje kwenye tunda.

Cheri za jadi za bia hii ziliitwa kwa jina la Schaerbeek, wilaya iliyo kaskazini mwa jiji, ambayo zamani ilikuwa mashamba na bustani, na ambayo hadi leo inataniwa kuwa mji wa punda kwa sababu wakulima wake walifika sokoni na wanyama hao wakiwa wamebeba cheri. Leo Schaerbeek imejaa nyumba, miti ya cheri hizo imebaki michache katika vijiji vya karibu, na watengenezaji wengi hununua cheri chachu kutoka nje, hususan Poland. Ni tunda dogo, jeusi-jekundu, lenye kokwa kubwa ukilinganisha na nyama yake, na mtu akilila bichi kutoka mtini hufumba jicho moja. Linavunwa mnamo Julai. Hutiwa zima, pamoja na kokwa, katika pipa lenye lambiki iliyokwisha komaa, na kipimo cha desturi ni gramu 200 au zaidi kwa kila lita. Wapo wanaofikia gramu 400. Hapo huanza uchachukaji mpya, kwa sababu sukari mpya imeingia, na kwa wiki za mwanzo pipa hutoa povu jekundu kwenye tundu lake. Baada ya miezi kadhaa bia huondolewa, huchanganywa na lambiki changa ambayo bado ina sukari kidogo, na kutiwa chupani, ambamo sukari hiyo ya mwisho huliwa na kuzaa gesi.

Watu hudhani kwamba kuongeza tunda hupandisha sana kileo. Haipandi sana. Cheri ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hayo yakichachuka peke yake yangekuwa na kileo kisichopishana mno na cha lambiki yenyewe, ambayo huwa kati ya asilimia 5 na 6. Kinachoongezeka ni asidi. Cheri chachu imejaa asidi ya maliki, ile ya tufaha lenu, na sehemu yake hugeuzwa na bakteria kuwa ya laktiki, ambayo ni laini zaidi. Kwa hiyo lambiki ya cheri iliyokaa vizuri huwa na uchachu wa tabaka mbili, ule wa mtindi chini, na juu yake mkwaruzo wa tunda.

Inueni glasi ya pili, lakini kwanza itazameni. Rangi ya cheri hutokana na dutu ambazo hung'aa kwa wekundu pale asidi inapokuwa kali, na ndiyo maana lambiki changa ya cheri ina wekundu mkali, na povu lake ni la waridi. Miaka ikipita rangi hiyo huelekea ile ya tofali. Mkiona wekundu uliokolea kupita kiasi, wa aina inayotia doa la kudumu kwenye kitambaa cha meza, anzeni kushuku kwamba juisi iliyokolezwa imetiwa mwishoni.

Puani, jiulizeni kama mnasikia cheri au mnasikia peremende ya cheri. Ni vitu viwili. Cheri iliyopita katika uchachukaji wa miezi hupoteza manukato yake ya juu, yale ya tunda lililokatwa sasa hivi, na kubaki na harufu iliyotulia ya ganda, ya viungo, na chini yake harufu ya lozi. Harufu hiyo ya lozi hutoka ndani ya kokwa, na kwangu mimi ndiyo alama nzuri kuliko zote kwamba matunda mazima yametumika. Juisi peke yake haiwezi kuwapa hilo kwa namna ile ile, ingawa manukato ya kutengenezwa yanaweza kuliiga, tena kwa kelele.

Sasa kunyweni. Angalieni kwamba hakuna utamu, au upo mdogo sana, na hata hivyo kinywa kinawaambia kwamba hiki ni tunda. Huu ndio mtihani wenyewe. Mahali ambapo sukari ingekaa, mtakuta ukakasi mwepesi, unaokausha fizi, wa aina mnayoijua kutokana na ndizi ambayo haijaiva sawasawa. Umetoka katika ganda la cheri, katika kokwa, na kidogo katika mbao za pipa. Ukakasi huo ndio mifupa ya bia. Ukikosekana, bia huonekana nyepesi na uchachu wake huwa kama unaning'inia bila mahali pa kushika. Ukizidi, meno hufa ganzi na mtu hataki glasi ya pili. Watengenezaji bora hupata kipimo hicho kwa kuonja pipa baada ya pipa na kuchanganya, wala siamini kwamba upo mtambo uliowahi kuwasaidia sana katika kazi hiyo.

Mkishameza, ngojeni. Kuna kasoro moja ambayo haionekani puani wala bia ikiwa kinywani. Huzuka sekunde chache baadaye, wakati mate yanapopunguza asidi, na hapo nyuma ya ulimi hupanda ladha ya nafaka iliyovunda au ya kizimba cha panya. Si watu wote wanaoweza kuihisi, na wanaoihisi hawaisahau. Katika chupa za leo sikuikuta, lakini nawaambia ili mjue kwa nini mwonjaji hukaa kimya baada ya kumeza, anasubiri, hajiringi.

Matunda mengine hutoa sura nyingine. Rasiberi ina asidi ya sitriki zaidi, na harufu yake hujitokeza mapema kuliko ya cheri, lakini pia ndiyo inayofifia kwa kasi. Aprikoti haina rangi ya kujivunia, nayo huacha ulaini fulani kinywani na harufu ya kokwa. Zabibu huleta ule ukavu wa ukwaju, na mtu anaweza kubishana kama glasi ile ni bia au divai. Nayapita haraka kwa sababu glasi ya tatu inangoja, na ni ya ukoo tofauti.

Bia ya tatu ina embe na pasheni. Imetengenezwa kwa njia inayotumiwa sasa na viwanda vidogo vingi duniani: maji ya kimea hupozwa hadi joto la karibu nyuzi 40, hutiwa bakteria wa Lactobacillus, na kuachwa siku moja au mbili mpaka yamefikia uchachu unaotakiwa, kisha huchemshwa ili bakteria wafe, hupozwa tena, na kutiwa hamira ya kawaida. Tunda lililosagwa huongezwa baadaye. Kazi inayochukua lambiki miaka miwili au mitatu humalizika kwa wiki chache, na sioni sababu ya kuidharau kwa hilo peke yake. Mpishi anaijua asidi anayoipata, gharama ni nafuu, na chupa mbili za tarehe tofauti hufanana.

Lakini onjeni baada ya cheri. Uchachu ni wa aina moja, mtindi mtupu, umenyooka mwanzo hadi mwisho. Embe mnalisikia mara moja, kubwa na tamu, kwa sababu sehemu ya sukari yake haikuliwa na hamira. Wengi wenu mtaipenda kuliko ya pili, na wala sitabishana na kinywa cha mtu. Ninachosema ni kwamba mkiliondoa embe lile hakuna kinachobaki cha kuzungumzia, ilhali mkiondoa cheri katika glasi ya pili mnabaki na glasi ya kwanza, ambayo ni bia kamili. Wapo wapishi wa njia hii ya haraka wanaoliacha tunda lichachuke mpaka likauke, nao hutoa bia nzuri sana, safi, inayofaa adhuhuri ya joto. Wapo pia wanaotia tunda lililosagwa baada ya kila kitu kwisha, kwa wingi kiasi kwamba bia huwa nzito kama uji, na hapo sukari mbichi huwa ndani ya kopo pamoja na hamira iliyo hai. Kopo la namna hiyo likiachwa nje ya friji huweza kupasuka. Hatari hiyo ni ya kweli, kwa hiyo mkilinunua, liwekeni kwenye baridi na mlinywe mapema.

Hata hapa Ubelgiji utamu umeingia. Chupa nyingi zenye neno Kriek, yaani bia ya cheri, zimetiwa sukari au juisi baada ya kuchachuka, kisha zikapashwa moto ili hamira isiamke. Ni kinywaji cha kupendeza kwa barafu na mazungumzo, na watoto wa shangazi yangu waliponitembelea hawakutaka kingine. Anayetaka ile ya glasi ya pili atafute neno Oude, yaani "ya kale", kwenye lebo. Limelindwa na kanuni za Umoja wa Ulaya tangu miaka ya 1990, na haliruhusiwi kwa bia iliyotiwa utamu. Wajerumani walilitatua jambo hili kwa busara yao: Berliner Weisse, bia chachu ya Berlin, hupikwa kavu, na anayetaka utamu huongezewa sharubati ya rasiberi ndani ya glasi mezani, kwa hiari yake.

Nimalizie kwa mambo ya nyumbani. Bia hizi msizinywe zikiwa baridi ya barafu. Baridi kali huua harufu na kuacha asidi peke yake. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha, yaani mtoe chupa kwenye friji nusu saa kabla. Chupa ya lambiki ina mashapo, kwa hiyo haitikiswi. Wenyeji huilaza katika kikapu na kumimina wakiwa na mkono mtulivu, na tone la mwisho huachwa chini. Glasi iwe yenye tumbo na mdomo mwembamba. Chakula chake cha jadi katika jiji hili ni mkate wenye jibini laini, figili na vitunguu, lakini uchachu hukata mafuta yoyote, nami sijaona kinachokaa vizuri na lambiki ya cheri kuliko mishikaki yenye mafuta. Kachumbari yenye ndimu nyingi iwekeni mbali, kwa sababu asidi mbili zikikutana mdomoni zote huharibikiwa. Na wale wenye meno yanayouma kwa baridi, suuzeni kwa maji na msipige mswaki papo hapo.

Kuhusu kuhifadhi, lambiki isiyo na tunda, hasa ile iliyochanganywa na kuitwa gueuze, hukaa miaka kumi na zaidi ikazidi kuwa na kina. Iliyo na tunda hainufaiki hivyo. Cheri huvumilia miaka kadhaa, rasiberi chache zaidi, na katika muda huo tunda hupungua huku lambiki ikijitokeza. Wapo wanaopenda hali hiyo. Mimi hununua cheri ili nionje cheri, kwa hiyo huifungua mapema.

Mhudumu wetu amefungua chupa nyingine ya cheri pale kwenye meza ya mlangoni. Ni ya kiwanda kile kile na ya pipa la miaka kadhaa iliyopita. Anayetaka kuona ninayosema kuhusu rangi ya tofali na tunda linalofifia, aende na glasi yake ya pili ikiwa bado ina bia kidogo ndani, aziweke mbili kando kwa kando kwenye karatasi nyeupe, azitazame kwanza, kisha anuse. Maswali nitayapokea pale pale mezani. Asanteni kwa kunisikiliza.